Kwa mnaoanza kufungua majalada ya yujeniki

Juma hili nimesoma rasimu tatu za wanafunzi wa uzamili kuhusu yujeniki, ile fikra ya "kuboresha" mbari kwa kuamua nani azae na nani asizae, na zote zinasema kwamba mwaka 1934 Dkt. F. W. Vint wa Nairobi "aligundua" kuwa gamba (tabaka la nje) la ubongo wa Mwafrika wa Kenya ni jembamba kuliko la Mzungu. Sikuweza hata kuwakaripia, kwa sababu kitenzi hicho, kinachogeuza dai kuwa ukweli, tunafahamiana.

1. Kagueni vitenzi kabla ya kukagua rejea. Nilipokuwa nikiandika tasnifu yangu nililinakili jedwali la Vint la bongo 100 alizopima, nikalipigia mistari kwa rula na kuliwekea kichwa "Matokeo ya Utafiti", nikiamini kwamba maadamu kurasa kumi na moja zilizofuata zilimlaani vilivyo, kazi yangu ilikuwa imekwisha. Siku ya utetezi mtahini wa nje, mama mpole aliyekuja na chupa yake ya chai ya tangawizi, alilifungua jedwali lile akaniuliza: "Mwanangu, hawa watu 100 walikuwa akina nani?" Sikujua. "Walikufa kwa maradhi gani? Utotoni walikula nini? Na ubongo wa Wazungu waliolinganishwa nao, ulipimwa na nani?" Nikafungua daftari, nikalifunga, nikalifungua tena, huku jasho likinitiririka mgongoni. Nilikuwa nimekasirika kwa kurasa kumi na moja bila kuuliza swali ambalo muuza samaki angeuliza kuhusu mizani ya mwenzake. Nilirudishwa nyumbani kusahihisha, na kwa miezi sita shangazi yangu aliwaambia majirani kwamba bado "ninamalizia".

2. Msiishie maabara. Chama kilichoundwa Nairobi mwaka 1933 kuchunguza uboreshaji wa mbari, ambacho Dkt. H. L. Gordon wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari alikuwa kinara wake, kilivipigania vipimo hivyo kwa sababu nyuma yake lilikuwapo swali la sera: je, Mwafrika asomeshwe, na kwa kiasi gani? London, yaani serikali ya Uingereza iliyoitawala Kenya, haikutoa fedha zilizoombwa za kuendeleza utafiti huo, nanyi mnaandika kwamba jambo likafia hapo. Someni mbele kidogo, jamani! J. C. Carothers, aliyeiongoza Mathari baadaye, alichapishiwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953 kitabu kinachomfananisha Mwafrika na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo, na mwaka uliofuata serikali ya Kenya ikachapa ripoti yake kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Watu waliodai ardhi wakaandikwa kama wagonjwa wa akili, bila yeyote kuhitaji kupima fuvu.

3. Neno "punguani" litiwe alama za kunukuu, kila mara. Mmoja wenu ameliacha tupu alipomweleza Carrie Buck wa Virginia, aliyebandikwa neno hilo na ambaye Mahakama Kuu ya Marekani iliruhusu afungwe kizazi mwaka 1927, kwa kura 8 dhidi ya 1. Bintiye Vivian, aliyetangazwa kuwa na kasoro angali mtoto mchanga, aliingia shule na jina lake likatokea kwenye orodha ya waliofanya vizuri. Kwa hiyo tafuteni ripoti ya shule kabla ya kuliamini jalada la daktari.

4. Makavazini nendeni na penseli; kalamu ya wino itaachwa mlangoni.

Rasimu yangu ile ya kwanza ninayo bado kabatini. Anayetaka kuiona aje ofisini Alhamisi. Ukurasa wenye jedwali ataujua kwa duara la kikombe cha chai.