Uliza Shangazi: Ning'oe michikichi ya mzee?

*Shangazi shikamoo. Mi ni kijana wa miaka 27 niko Simbo huku Kigoma. Mzee alitutoka mwaka juzi akaniachia ekari 2 za michikichi, ile mirefu ya kizamani mpaka upande na kamba. Sa hivi kila mtu tenera tenera, ile michikichi ya kisasa, jirani yangu anaokota kokwa chini ya mti wake anaotesha kitaluni anauza miche bei chee anasema ni tenera. Washkaji wananiambia uza shamba twende Dar, wengine wanasema usiuze SGR inakuja ardhi itapanda. Nifanyeje?*
*Mrithi, Simbo*

Marahaba mwanangu, na pole kwa mzee.

Nianze na jirani maana huyo ndo atakuumiza. Chukua chikichi moja ya mti wa mzee uikate katikati kwa kisu, utakuta ganda la kokwa nene balaa na nyama yenye mafuta ni kaukanda tu kwa nje, hiyo dura. Tenera ganda lake jembamba, nyama imejaa, na ukiangalia vizuri kuna duara la nyuzi nyuzi nyeusi limezunguka kokwa. Sasa tenera ni mtoto wa dura na pisifera (hii pisifera haina ganda ila mikungu yake mingi haikomai), kwa hiyo ukiotesha kokwa ya tenera haizai tenera zote. Hata kama baba na mama wote ni tenera, katika miche minne tegemea mmoja urudi dura, mmoja pisifera, wawili ndo tenera, na kijijini kwenu chavua imejaa ya dura ndo kabisa. Kitaluni yote inafanana, utakuja kujua baada ya miaka mitatu minne mti ukianza kuzaa, na hela yake ameshakula! Miche kachukue kwa watafiti wa TARI Kihinga, hapo hapo Kigoma, au muulize afisa ugani kitalu gani kinapata mbegu yao. Kampeni hii tangu Majaliwa akiwa Waziri Mkuu aivalie njuga 2018 imeleta miche mingi kweli, ila na wajanja wameongezeka.

Kung'oa yote? Hapana jamani, utakula nini hiyo miaka yote. Anza na nusu ekari, mita 9 mche hadi mche kwa pembetatu, ekari nzima inaingia kama miche 57, na katikati piga maharage mpaka kivuli kifunge. Ile mirefu inayokupa mikungu miwili kwa msimu anza kuiondoa hiyo, inayozaa vizuri iache kwanza.

Halafu kuna kitu hukuniuliza ila nakwambia. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa anakata mikungu anairundika chini ya majani ya migomba siku tano sita ili chikichi zipukutike kirahisi. Siku moja tukabeba madumu mawili mpaka gulioni, mnunuzi akafungua kifuniko akanusa, akachovya kidole, akasema hii ya sabuni, bei ikashuka pale pale na tumetembea tangu alfajiri. Mama alinuna mpaka nyumbani. Chikichi ikishakatwa na kuchubuka asidi inapanda kwenye mafuta, ndo maana mikungu inatakiwa ichemshwe mapema, ikiwezekana ndani ya siku moja. Wewe na dura zako hizo hizo ukiwahi kukamua utapata mawese mazuri kuliko mwenye tenera anayerundika. Na mise, kile kiini cha ndani ya kokwa, usitupe, ina mafuta yake.

Shamba usiuze. SGR mkataba wa Tabora hadi Kigoma ulisainiwa Desemba 2022, lakini usikae unasubiri treni, maana treni ya kwanza ilifika Kigoma 1914 na mpaka leo tunauza dumu barabarani.

*Shangazi, kikundi chetu cha akina mama Ujiji tunataka mkopo wa halmashauri tutengeneze sabuni ya mawese. Tunaambiwa riba kubwa. Kweli?*
*Mama Sabuni*

Si kweli dada, huo mkopo hauna riba. Ni ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024. Nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata mkasajili kikundi, na akiwaambia mtu "nitoleeni ya soda niwafanyie haraka" ondokeni hapo. Ila kabla ya mkopo pikeni kwanza sabuni ya dumu moja, muuze miche yote, muone mmebaki na shilingi ngapi ukitoa magadi na kuni. Kuni mnasahauga kuzihesabu.