Jumapili niko sokoni, imani yangu inapoa

SWALI: Bwana asifiwe Pasta. Mimi nauza omena, wale dagaa wa ziwa, soko la Kibuye hapa Kisumu, na unajua Jumapili ndio soko hujaa kabisa, nikikosa siku hiyo karo inakwama. Kanisani naenda mara moja moja tu. Usiku nikipiga magoti usingizi unanibeba hata sijafika ameni. Kwa ushirika wenzangu wanatoa ushuhuda, mimi nanyamaza, naona ni kama Mungu amenichoka. Nifanye nini?
Mama Watatu, Nyalenda

JIBU: Bwana asifiwe sana Mama Watatu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mungu hajakuchoka mama, wewe ndiye umechoka, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Fungua Yohana 21, hiyo sura ni ya watu wa kazi yako. Petro na wenzake wamekesha ziwani usiku mzima bila kupata kitu, alafu Yesu anawatokea hukohuko bichi, anawaambia watupe wavu upande wa kuume, na wavu unajaa. Na huyu Petro ndiye alikuwa amemkana mara tatu juzi tu! Lakini Yesu haanzi na hayo, amewasha makaa, ameweka samaki na mkate, anawaita waje wale kwanza, ni baada ya kula ndio anamuuliza Petro kama anampenda. Mimi hupenda sana vile imeandikwa samaki walikuwa 153, yaani kuna mtu aliketi na uchovu wake wote akawahesabu, kama vile wewe unapima omena kwa mkebe wa gorogoro, na hesabu hiyo ya bichi ikaingia kwa Biblia.

Kwa hivyo usingoje usiku, saa hiyo nguvu imeisha. Ongea na Mungu asubuhi ukingoja boti, ama ukianika omena, kwa Kijaluo kama ndio inakutoka vizuri. Anza na Zaburi 13, ni mistari 6 tu, na Daudi analia "hata lini" tena na tena kabla afike mahali pa kuimba, hata wewe kama uko na malalamiko usiyafiche.

Lakini kanisa usiliache, hapo sitakubembeleza, Waebrania 10:25 iko wazi. Uliza kama kuna ibada ya mapema kabla soko lichangamke. Na zile siku mwezi unawaka, unajua kuniliko, taa za wavuvi hazivuti omena vizuri na mzigo unapungua, Jumapili kama hizo funika meza uende. Tafuta pia mama mmoja hapo sokoni muombe pamoja dakika tano, hata mkiwa mmesimama.

Na ushirika ukifika zamu yako, simama uwaambie vile umeniambia mimi, kwamba unasinzia kwa maombi na unaogopa. Waache wakuombee.