Diski inayoviringika: kwa nini unapata 4.9 badala ya 4

Mdogo wangu wa Wete, swali lako la kasi ya diski nzima inayoanza kutulia na kuviringika bila kuteleza kutoka kimo cha mita 1.2 hadi chini (g = 10) linawaangusha wengi wanaojiandaa na mtihani wa kuingia udaktari. Umeandika mgh = ½mv², ukapata 4.9 m/s. Umesahau kwamba diski inajizungusha pia, na mzunguko huo unakula nishati.

Andika mgh = ½mv² + ½Iω² (I ni momenti ya inersia, yaani ugumu wa kitu kuzungushwa; ω ni kasi ya mzunguko), kisha weka ω = v/r, r ikiwa nusukipenyo. Kwa diski I = ½mr², hivyo mgh = ¾mv², na v = 4 m/s. Tungamo na nusukipenyo vinajifuta, wasipokupa, usihangaike.

Kariri I kwa mhimili wa katikati: pete mr², diski ½mr², tufe zima ⅖mr². Mhimili ukihama sambamba kwa umbali d, ongeza md². Alama nyingi hupotea hapa, maana fimbo yenye urefu L ni mL²/12 mhimili ukiwa katikati lakini mL²/3 ukiwa nchani.

Ukipewa mizunguko kwa dakika, izidishe kwa 2π, ugawe kwa 60 upate ω kwa radiani kwa sekunde, kabla ya lolote.

Tahadhari: kitu kikiteleza, ω = v/r haifai kabisa. Maswali hayo mpelekee mwalimu wa fizikia skuli, mchore naye msuguano kwanza.