Seneca ndani ya beseni: majibu kwa wasomaji

Mzee kavaa kitambaa kiunoni tu, kasimama ndani ya beseni, macho kayainua juu. Huyo ni Seneca, mwanafalsafa wa Roma, katika mchoro alioufanya Peter Paul Rubens wa Antwerpen mnamo 1612 au 1613. Tangu niutaje hapa, maswali hayajakatika.

Mzee huyu alikosa nini?

Alishukiwa. Mwaka 65 baada ya Kristo njama ya kumuua Kaisari Nero ilifichuka, na Seneca akatajwa. Nero alikuwa mwanafunzi wake tangu utotoni, na ndiye aliyetuma amri kwamba mwalimu wake ajiue. Mwanahistoria Tacitus anasimulia kuwa mishipa ilikatwa lakini damu ikatoka kwa shida, maana mwili ulikuwa wa kizee na umekondeshwa na chakula haba. Sumu nayo ikashindwa. Mwisho alipelekwa kwenye hamamu, na mvuke ukamkatia pumzi. Rubens ameyakusanya masaa yote hayo mahali pamoja: daktari yuko kwenye mkono, askari wanatazama, maji yako miguuni.

Wasomaji wa Biblia wanamjua ndugu yake Seneca, pengine bila kutambua. Ni Galio, liwali wa Akaya, aliyekataa kuisikiliza kesi ya Paulo katika Matendo 18.

Je, ndiyo sura halisi ya Seneca?

Siyo, na kisa chenyewe kinanivutia kuliko vyote. Rubens aliishi Italia kuanzia 1600 hadi 1608. Huko Roma alichora mara kadhaa sanamu ya marumaru nyeusi ya mzee aliyeinama, magoti yamelegea. Wakati ule watu waliamini ni Seneca akikata roho, na walioikarabati walikuwa wameshaisimamisha ndani ya beseni. Leo iko kwenye makumbusho ya Louvre, Paris, na wataalamu wanasema ni mvuvi mzee. Uso nao Rubens aliutoa kwenye sanamu ya kichwa iliyodhaniwa kuwa ya Seneca. Ya namna hiyo alikuwa nayo mwenyewe. Mwaka 1813 ikafukuliwa Roma sanamu iliyochongwa jina la Seneca, sasa iko Berlin: uso umejaa, kidevu kina nyama, nywele chache.

Kwa hiyo tunachokitazama ni mwili wa mtu wa nyavu. Kwangu mchoro haujapungua thamani. Ngozi ile iliyolegea na misuli ile iliyochoka inalingana na maneno ya Tacitus kuliko ambavyo uso ule wa Berlin ungeweza.

Kwa nini Rubens alimjali Mrumi wa kale hivyo?

Nyumbani kwa akina Rubens, Seneca alisomwa kwa dhati. Kaka yake Rubens, Philip, alikuwa mwanafunzi wa Justus Lipsius, msomi aliyechapisha maandishi ya Seneca huko Antwerpen mwaka 1605. Philip alifariki 1611. Siwezi kuutazama mchoro huu bila kuukumbuka msiba huo.

Mke wa Seneca yuko wapi?

Hayupo, na naliona pengo. Pompeia Paulina aliamua kufa pamoja na mumewe, naye akakatwa mishipa. Nero akaagiza azuiliwe. Watumwa wakamfunga vidonda, akaishi miaka michache zaidi, uso umepauka hata watu wakaona jinsi uhai ulivyomtoka. Mchoraji mwenye mkono kama wa Rubens angeweza kumpa Paulina walau kona moja. Alichagua wanaume peke yao.

Nikifika Munich, nitazame nini kwanza?

Mchoro uko Alte Pinakothek, jumba la sanaa la Munich, umechorwa kwa rangi ya mafuta juu ya ubao. Kila mtu hukimbilia macho ya mzee. Wewe anza na kijana anayeandika. Seneca aliita makarani na kuwatamkia maneno yake hadi mwisho, na kijana huyu amekaza shingo kama anayeogopa kupitwa na silabi. Kwenye karatasi yake zinasomeka herufi za mwanzo za neno la Kilatini *virtus*, yaani wema wa kiutu na ujasiri. Neno lenyewe bado hajalimaliza.