Nianze na Kitabu Kipi cha Gurnah?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Abdulrazak Gurnah alipopewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, tulishangilia sana hapa ofisini, ingawa hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemsoma. Juzijuzi nikapata *By the Sea*. Nimefika kama robo ya kitabu, nimekwama. Mzee yuko Uingereza, amekaa tu, anakumbuka viti na meza. Tatizo ni Kiingereza changu au ni kitabu? Na kama nianze upya, nianze na kipi?
*Msomaji, Tanga*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kiingereza chako hakina kasoro. Umeelewa barabara: mzee amekaa, anakumbuka viti na meza. Saleh Omar alikuwa muuza samani Zanzibar. Anatua uwanja wa ndege wa Gatwick na pasipoti yenye jina la mtu mwingine, anajifanya hajui neno la Kiingereza, na ofisa wa uhamiaji anamnyang'anya kisanduku chake cha udi. Baada ya hapo mwendo unakuwa wa kobe. Kuna deni, kuna nyumba iliyobadili mikono, kuna watu wawili wanaosimulia ugomvi uleule kila mmoja kwa namna yake, na yote hayo yanafunguka kidogo kidogo. Mimi nakipenda kuliko vyote alivyoandika, ila simpi mgeni. Kiweke kando.

Anza na *Peponi*. Ndicho *Paradise* cha mwaka 1994, kile kilichofika orodha ya mwisho ya tuzo ya Booker, na tangu 2022 kinapatikana kwa Kiswahili, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, wachapishaji Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam. Kwa hiyo hata hiyo hofu yako ya Kiingereza imepata dawa.

Yusuf ana miaka 12. Baba yake ana hoteli ndogo isiyo na faida katika mji wa Kawa, na mara kwa mara hupita tajiri mmoja, Ami Aziz, ambaye akiondoka humwachia mtoto sarafu. Siku moja Yusuf anaambiwa afunge vitu vyake aende safari na ami. Huko pwani, dukani kwa tajiri, kijana Khalil ndiye anayemfungua macho: huyu si ami yako, wewe ni rehani ya deni la baba yako. Na Khalil anajua anachosema, maana naye aliletwa vilevile.

Kinachonivuta ni kwamba Gurnah hamfanyi Aziz kuwa jini. Ni mtu mpole, ananukia vizuri, anaswali, anazungumza kwa adabu, na anamiliki watoto wa watu. Msafara unapoondoka kwenda bara chini ya mnyapara Mohammed Abdalla, utakuta njaa, maradhi, na mtawala Chatu anayewapokonya mali kwa sababu mfanyabiashara mwingine aliwahi kumdhulumu. Humo humo utacheka pia. Yuko Kalasinga, fundi wa Kipunjabi ambaye si Mwislamu, na bado ana azma ya kuitafsiri Kurani kwa Kiswahili ili waumini wajionee wenyewe wanachokiamini. Mabishano yake na marafiki zake Waislamu ni ya kuvunja mbavu. Watu wanaodai Gurnah hana ucheshi nadhani waliishia kwenye jalada.

Mwisho wa kitabu sikwambii. Nakuambia tu kwamba katika kikundi chetu cha kusoma tuligawanyika vibaya juu ya uamuzi wa Yusuf. Wengine walimwita mwoga, wengine walisema mlango ulikuwa ule mmoja tu. Mimi niko na hawa wa pili.

Ukimaliza, usipumzike sana. Chukua *Afterlives*, cha 2020. Gurnah aliviandika kwa kupishana miaka zaidi ya 25, lakini ukivisoma mfululizo utapata kitu ambacho hutakipata ukivisoma mbalimbali. *Peponi* kinakuacha pale Wajerumani wanapokusanya askari. *Afterlives* kinamchukua kijana Hamza, ambaye naye baba yake alimtoa kwa tajiri kwa ajili ya deni, naye akatoroka kwenda kujiandikisha uaskari. Hamza si Yusuf, mwandishi hasemi hivyo popote. Ila msomaji aliyetoka kwa Yusuf atamtazama Hamza kwa jicho jingine kabisa.

Vita vile vya Wajerumani na Waingereza katika ardhi yetu, vilivyoisha Novemba 1918, shuleni tulivipita mbio. Hapa utavikaa. Utaona askari Mwafrika anavyotukanwa na kupigwa na wakubwa zake, na jinsi naye anavyowamaliza wanakijiji anaopita kwao. Lakini nguvu ya kitabu kwangu ni Afiya, msichana yatima anayefundishwa kusoma na kuandika na kaka yake Ilyas. Kaka akienda vitani, walezi wake wanagundua kwamba anajua kuandika, na mwenye nyumba anampiga hadi kumvunja mkono. Mapenzi yake na Hamza baadaye yameandikwa kwa haya na subira kiasi kwamba ukurasa wa wawili hao kusalimiana unakutosha.

Wapo wanaotaka kufuata mwandishi tangu kitabu chake cha kwanza. Hicho ni *Memory of Departure*, 1987, kijana anayekwenda Nairobi kwa mjomba tajiri akitumaini msaada. Kina uchungu wa ujana na bado hakijatulia. Kisome mwishoni, ukishampenda. Baada ya viwili nilivyokutajia, rudi kwa mzee wako na viti vyake. Hamtagombana tena.

SWALI: Mwalimu, binti yangu ana miaka 15 na anapenda sana hadithi. Naweza kumpa *Peponi*?
*Mama msomaji, Morogoro*

JIBU: Soma wewe kwanza. Yusuf ni mvulana mzuri wa sura, na watu wazima wanaomtamani hawako wachache: yuko mke wa tajiri, na yuko mnyapara ambaye sifa yake kwa vijana si njema. Mwandishi hachafui ukurasa, lakini hafichi. Mimi ningempa akifika 16 au 17, na ningehakikisha tunazungumza. Ukiona amekomaa kuliko umri wake, wewe ndiye mama.

SWALI: Asalamu aleikum Mwalimu. Bwana huyu aliondoka zamani. Mapinduzi katika vitabu vyake ni jela na kunyang'anywa mali tu. Na sisi tuliobaki, hatuandikwi?
*Mzee msomaji, Unguja*

JIBU: Waaleikum salaam, kaka yangu. Gurnah alizaliwa 1948. Januari 1964 alikuwa na miaka 15, na miaka michache baadaye akaondoka. Ameandika alichokiona kutoka nyumba aliyosimama. Simlaumu kwa hilo, lakini sikubaliani na anayedai kwamba hiyo ndiyo picha nzima. Chukua *Kasri ya Mwinyi Fuad* cha Adam Shafi, kilichotoka 1978, uyaone mapinduzi hayo hayo kutoka kwa watumishi wa ndani na wakulima. Ukiviweka pamoja na *By the Sea*, vitabishana mbele yako, nawe utakuwa hakimu.

Kuhusu waliobaki, hapo umemwonea kidogo. Katika *Desertion* cha 2005, Rashid anakwenda Uingereza kusoma, lakini ndugu yake Amin anabaki, na yaliyompata tunayapata kwa maandishi yake mwenyewe. Halafu kuna *Theft*, kilichotoka 2025. Humo wako vijana watatu, Karim, Fauzia na Badar, wanaokua, wanaooana na kuhangaikia riziki kati ya Zanzibar na Dar es Salaam, miaka ambayo utalii unashika kasi. Badar ni mtumishi wa ndani anayesingiziwa wizi. Kisome hicho, kisha uniandikie kama bado hujajiona humo.