Jibu: Programu ya Flatpak kusoma mafaili yote

Ndugu, umeuliza kwa nini programu ya Flatpak (njia ya kusakinisha programu kwenye Linux, kila moja ikiwa imetengwa na mfumo) inaona mafaili yako yote ilhali imefungiwa. Mtengenezaji wake ndiye aliyeiombea ruhusa hiyo. Kwenye terminali, andika `flatpak info --show-permissions` ikifuatiwa na jina la programu; ukikuta `filesystems=home`, ndiyo hiyo. Iondoe hivi:

`flatpak override --user --nofilesystem=home jina.la.programu`

Kisha ifunge kabisa, uifungue upya. Ukitaka kufungua faili, kwa kawaida dirisha la kuchagua huletwa na mfumo wenyewe kupitia potali (huduma inayosimama kati ya programu na mafaili yako), na programu hupewa lile ulilochagua tu. Angalia pia `devices=all`, yaani ruhusa ya kutumia vifaa vyote; mimi hiyo ilinishtua zaidi, maana hufungua hadi kamera. Na kama bado uko kwenye X11, mfumo wa zamani wa kuonyesha madirisha kwenye Linux, tafadhali hamia Wayland, ule mpya: X11 huruhusu programu moja kusoma unachoandika kwenye nyingine, hata nywila.