Bata mwitu wa mashambani: usimwage mahindi, tafuta walipo

Mkuu, umeuliza kama unaweza kumwaga mahindi kwenye shamba lililovunwa ili bata waje uwawinde. Mimi nawinda huku North Dakota: usithubutu. Sheria ya shirikisho ya Marekani inakataza kuwinda bata kwa chambo, na hata ukizoa punje zote, pale panahesabika kuwa na chambo kwa siku 10 zaidi. Kufyeka mahindi yasiyovunwa ili yadondoke, kisha ukawinda hapo, nako ni kosa. Ruksa ni punje zilizobaki kwa uvunaji wa kawaida, na hizo zinatosha kabisa kuwaleta.

Kazi yenyewe iko jioni ya kuamkia mawindo. Bata hawa, hasa mallard, ambao madume yao yana kichwa cha kijani, hulala majini na kwenda mashambani kula asubuhi na jioni. Chukua darubini, kaa barabarani, waone wakiruka kutoka bwawani, uwafuate na gari mpaka watue. Kujua shamba tu hakutoshi, jua na kona. Wakianza kula utaona walio nyuma wanaruka juu ya wenzao na kutua mbele, tena na tena, mpaka kundi zima linabiringika juu ya mabua ya shayiri. Pale wanapoishia giza likiingia, weka alama. Ukijificha mita mia mbili pembeni, kesho watakupita juu bila kugeuza shingo.

Kisha nenda kwa mwenye shamba. Penye bango la kuzuia huingii bila ruhusa yake. Pasipo na bango pia mimi hubisha hodi.

Alfajiri tafuta vinyesi na manyoya kwa tochi, ndipo hapo. Bata hutua wakiukabili upepo, kwa hiyo upepo uwe mgongoni mwako, bata bandia wa kuwavuta mbele yako, na katikati yao uache uwazi wa kutua. Lala chini, jifunike mabua ya shamba hilohilo, si majani ya kutoka kwingine. Usiinue uso! Uso unaong'aa unawageuza wakiwa bado mbali.

Marisau, yaani vile vipunje vinavyotoka kwenye risasi ya bunduki, yawe ya chuma. Ya madini ya risasi (lead) yamepigwa marufuku kwa bata nchi nzima tangu 1991. Bunduki isibebe zaidi ya risasi 3.

Na tafadhali, usiwapige bwawani wanakolala. Wakitimuliwa pale wanahama eneo zima, na hilo shamba ulilolihangaikia halitakuwa na bata tena.